Mafuta ya Themanini

Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, alikuwa mtoto wa kwanza wa mama, mimi wa mwisho. Waliozaliwa katikati yetu hawakukaa duniani. Mama alikuwa akiuza mawese sokoni Kasongo, kwa hiyo aliyenibeba mgongoni ni Yaya, aliyenipeleka chuoni kusoma Kurani ni Yaya, na siku mwalimu aliponichapa mpaka nikashindwa kukaa, Yaya alikwenda kusimama mlangoni kwake, msichana mwembamba aliyejifunga kitenge cha mama, akamwuliza kama mkono wake hauchoki. Mwalimu hakunichapa tena.

Nilipomaliza shule nikasema nataka kujifunza ufundi wa ndege. Wajomba zangu walicheka. Sisi ni watu wa duka. Babu zetu walikuwa watu wa duka. Mjomba mmoja akasema ndege za nchi hii zinaanguka kama maembe, na fundi ndiye wa kwanza kufungwa. Yaya, wakati huo ameshaolewa, alikuwa amekuja kututembelea, amekaa chini anamsukia mama nywele. Hakuinua hata macho.

"Muacheni aende," akasema. "Kama zinaanguka, si ni juu ya kukosa wa kuzitengeneza?"

Nikaenda. Nilijifunza kwenye karakana moja huko mashariki, mahali pa baridi, nikarudi nyumbani nikiwa na masanduku mawili ya vifaa na kazi tayari. Kampuni ndogo ya kukodisha ndege ilikuwa imeweka Kasongo ndege moja, ya motere moja, ndiyo injini, na viti vichache, ya kubeba dawa, wagonjwa na wageni kwenda Kindu, Kabambare na vijiji vyenye viwanja vya majani. Mimi nilikuwa fundi wake peke yangu. Rubani alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, wa maneno machache, na kila mtu mjini alimwita Komanda.

Yaya na mume wake, mwalimu wa shule, walikaa katika kijiji cha karibu na Kabambare. Ukitazama ramani, Kabambare si mbali na Kasongo. Lakini ramani haioneshi matope, wala madaraja ya magogo. Yaya alipopanda moto, yaani pikipiki, kuja kumwona mama, alikuwa akifika amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na kabla ya kusalimia mtu alikuwa akiomba maji ya kusukutua. Kwa ndege ni safari fupi tu. Nilimwahidi mara nyingi kwamba siku moja, kukiwa na kiti kitupu, nitamrudisha kwake kwa ndege. Kiti kitupu hakikupatikana siku ambayo yeye alikuwa Kasongo.

Lazima nieleze kidogo juu ya mafuta, maana bila hayo mambo yaliyotupata hayaeleweki.

Watu wanafikiri ndege inakufa ikikosa petroli. Ndiyo, inakufa. Lakini petroli ikiisha, rubani alijua mapema. Mafuta ya motere yakishindwa, motere inajila yenyewe ndani, chuma kwa chuma, ukiwa juu ya msitu. Mafuta yanalainisha, na tena yanabeba joto kulitoa ndani. Yenyewe yanapata moto kwa kazi hiyo. Mbele ya rubani kuna saa ndogo mbili: moja inaonesha joto la mafuta, ya pili nguvu ambayo mafuta yanasukumwa nayo, yaani presha. Kila moja ina mshale, ina sehemu ya kijani, na ina mstari mwekundu. Mafuta yakipata moto kupita kiasi yanakuwa mepesi kama maji, na hapo mshale wa joto unapanda huku wa nguvu unashuka. Mishale hiyo miwili ikianza kuachana hivyo, rubani mwenye akili anatafuta mahali pa kutua.

Kwa hiyo mafuta yanachaguliwa kulingana na hewa ya mahali. Kuna mazito, sisi tuliyaita ya mia, ndiyo ya nchi ya joto kama yetu. Na kuna mepesi zaidi, ya themanini, yanayofaa kule milimani ambako asubuhi unaona pumzi yako. Sisi tulikuwa tukitumia ya mia mwaka mzima.

Mwaka ule, kiangazi kikielekea mwisho, ya mia yaliisha. Kule yanakotoka waliishiwa pia, wakatutumia walichokuwa nacho, maboksi ya themanini. Mfanyabiashara mmoja jirani yetu, kwa moyo mzuri kabisa, aliniletea bidoni la mafuta ya pikipiki na gari, akasema, "Chukua haya, fundi, mafuta ni mafuta." Nikamshukuru, nikakataa. Ya gari yana dawa ndani yake ambazo zikiungua katika motere ya ndege zinaacha majivu, na majivu yale yanawasha petroli kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Tukabaki na themanini.

Komanda na mimi tulikaa kwenye kivuli cha bawa tukazungumza. Motere ilikuwa imezeeka, karibu kupelekwa kufunguliwa yote. Tungeweza kuiegesha ndege mpaka ya mia yafike, lakini dawa za watoto zilikuwa zinangoja, na wagonjwa hawaegeshwi. Tukakubaliana: tutaruka na themanini, asubuhi tu, na mzigo mwepesi, na tutaitazama saa ile ya joto kuliko tunavyotazama njia. Tulifanya hivyo kwa wiki kadhaa na hakuna kilichoharibika. Mpaka leo nafikiri ulikuwa uamuzi mzuri.

Siku ile ndege ilirudi kutoka Kindu ikiwa imechelewa. Jua lilikuwa utosini. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kifuniko cha motere ili ipoe, na chuma bado kinatoa sauti ile ya kupoa, tik, tik, nilipomwona mama wa foni anakuja akikimbia katikati ya kiwanja. Foni ni ile redio ya kuzungumza na vituo vya afya vya mbali, na huyu mama alikuwa mtu mnene ambaye sikuwahi kumwona akikimbia.

"Ni Kabambare," akasema, anahema. "Ni dada yako. Amezaa vizuri, mutoto iko muzima. Lakini damu haisimami. Muganga wa kituo anasema amefanya yote yenye anaweza. Wamemuleta mupaka kando ya kiwanja, wanaomba ndege."

Nilijua ana mimba. Nilijua imekaribia. Mama alikuwa ameshaanza kuandaa safari ya kwenda kumkanda.

Komanda alikuwa anakunywa maji. Akaweka chupa chini, akanitazama, kisha akaitazama ile motere iliyofunguliwa. Akaweka kiganja karibu na silinda bila kuigusa.

"Bado moto sana," akasema.

"Ndiyo, Komanda."

"Tuipe nafasi kidogo ipumue, alafu tuende. Watu wawili, petroli ya kutosha tu, kitanda cha mugonjwa. Hakuna kingine."

Nikatoa viti vya nyuma. Nikaangalia kijiti cha mafuta: kiwango kizuri, lakini yalidondoka kutoka kwenye kijiti haraka, mepesi, ya moto. Komanda naye aliona. Tuliipa motere nafasi ambayo mtu anaweza kuvumilia dada yake akiwa anatoka damu, yaani kidogo. Kisha tukafunga kifuniko tukapanda.

Tuliruka vizuri. Lakini hewa ya mchana wa kiangazi ni nyepesi na imejaa moshi wa mashamba yanayochomwa. Ndege inapanda kwa shida, motere inafanya kazi kubwa, na upepo unaoingia kuipoza ni wa moto tayari. Nilikuwa nimekaa kiti cha kulia. Sikutazama nje. Mshale wa joto ulikuwa ndani ya kijani tulipoondoka, upande wa juu. Ukasogea. Komanda akashusha pua ya ndege ili tupate upepo zaidi, akapunguza nguvu, akaongeza petroli kwenye mchanganyiko, akafungua milango ya kupozea mpaka mwisho. Mshale ukasimama. Nikaanza kusali. Ukasogea tena. Ukafika kwenye mstari mwekundu, na ule mwingine, wa nguvu, nikauona unashuka polepole kama mtu anayekaa chini kwa kuchoka.

Mbele yetu mto Luama ulikuwa umeanza kuonekana, unang'aa katikati ya moshi.

"Unaona?" Komanda akauliza.

"Naona."

Nilijua atauliza nini. Tuendelee au turudi? Mimi ndiye fundi wake. Kila mara alikuwa akiniuliza, na kila mara nilikuwa nikimjibu kweli. Nilifungua kinywa. Sijui mpaka leo ni neno gani lilikuwa linakuja. Yeye akainua mkono wake kutoka kwenye usukani, akaniwekea kiganja mbele ya uso, kama unavyomzuia mtoto asivuke njia.

"Usijibu," akasema. "Leo wewe ni ndugu ya mugonjwa, si fundi. Hii ni kazi yangu."

Akageuza ndege.

Niliuona Luama ukipita chini ya bawa, ukienda nyuma yetu. Nilikuwa na mikono miwili mizima na mfuko mdogo wa vifaa nyuma ya kiti, na hakuna hata kimoja cha kupoza mafuta yale. Tulirudi Kasongo taratibu, nguvu kidogo, mshale umeshikamana na ule mstari. Tulipotua na kuzima motere, Komanda hakufungua mlango kwa muda. Shati lake lilikuwa limeloa mgongo mzima.

Mama wa foni aliita Kabambare. Sauti ya muganga ilikuja imekatikakatika: anapumua, amewekewa seramu mshipani, anauliza kama ndege inakuja. Sikuomba kuzungumza na Yaya. Ningemwambia nini? Jua lilikuwa limeanza kushuka, na kiwanja cha Kabambare hakina taa. Kusingekuwa na nafasi ya kungoja motere na hewa ya mchana vipoe, kwenda, na kuona ardhi ya kutua. Komanda alisema tutaondoka alfajiri, mwanga wa kwanza tu. Mume wa Yaya alisikika kwenye foni akiuliza kama ampakie kwenye pikipiki waianze njia ya kuja Kasongo kupitia Lusangi, na muganga akakataa, akasema njia itamuua kabla ya kufika. Nafikiri na yeye alikuwa na haki. Siku ile kila mtu alikuwa na haki.

Sikulala kwangu, nilikwenda kwa mama. Nilimwambia Yaya amezaa, kuna damu kidogo, kesho asubuhi tunamleta. Alinitazama usoni akaondoka kwenda kutandika kitanda chake mwenyewe, akatoa shuka nzuri kutoka kwenye sanduku.

Alfajiri ilikuwa na ubaridi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya kiwanja. Komanda aliwasha motere, na kisha ilibidi tungoje tena, maana mafuta baridi ni mazito, hayafiki haraka panapohitajika; ukiiomba motere nguvu zote kabla hayajapata joto, unaiumiza. Jana tulikuwa tunangoja yapoe. Leo tulikaa mwisho wa kiwanja, motere inazunguka polepole, tunangoja yapate moto. Nilitazama mshale umelala chini kabisa, hautaki kuinuka. Nilitaka kukigonga kile kioo kwa ngumi. Komanda naye alikuwa anautazama, na taya yake inacheza. Ulipoingia kijani, alisukuma nguvu kabla sijavuta pumzi.

Njia nzima mshale ulikaa pale pale, katikati ya kijani. Ndege ilikwenda vizuri kama siku ilipotoka kiwandani. Ningependa ingetusumbua kidogo.

Kabambare watu walikuwa wamejaa kando ya kiwanja. Komanda alipozima motere ndipo nikasikia kilio cha wanawake, na nikajua. Shemeji yangu alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mwalimu yule ambaye siku zote suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi, miguu ameinyosha mbele kama mtoto. Nilipomkaribia hakusimama.

"Amekuondokea wakati wa jogoo," akasema. "Tulisikia... mimi nilisikia ndege jana mchana. Na yeye alisikia. Alisema, 'Yule ni mudogo wangu.' Alafu sauti ikapotea."

Kumbe tulikuwa tumefika karibu hivyo. Au upepo tu ndio ulibeba sauti. Sikuwahi kumwuliza Komanda.

Waliniingiza kwenye nyumba iliyokuwa kando ya kiwanja. Walikuwa wamemfunika na wamemfunga kidevu. Nilimshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu, ukiwa bado na vumbi jekundu kwenye kisigino. Bibi mmoja akaniwekea mikononi kifurushi cha kitenge, na ndani yake uso mdogo uliokunjamana, umelala, haujui lolote. Msichana.

Shemeji aliniuliza tumzike pale au tumpeleke kwa mama. Komanda alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kama mutakubali," akamwambia shemeji, "mimi nitamupeleka. Mama yake amuone."

Basi ndivyo Yaya alivyopanda ndege. Alilala pale nilipokuwa nimetoa viti, shemeji amekaa chini kando yake, na mimi nina mtoto kifuani. Jua lilikuwa linapanda nyuma yetu. Komanda aliirusha ndege polepole sana, akageuka kwa upole kila alipogeuka.

Tulimzika Kasongo siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri.

Katika siku za matanga mama hakusema na mimi. Si kwa hasira. Alikuwa haongei na mtu. Siku moja asubuhi watu wakiwa wamepungua, aliniita jikoni. Alikuwa amekaa karibu na chupa zake za mawese.

"Unieleze," akasema. "Watu wanasema ndege ilirudi katikati ya njia. Iliona nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa maneno ya karakana, mpaka nikakwama. Kisha nikachukua chupa moja iliyopigwa na ubaridi wa usiku, nikaiinamisha. Mawese yalikuwa yameganda, hayakutoka. Nikamwonesha nyingine aliyokuwa ameiweka karibu na moto, imekuwa nyepesi, inacheza ndani ya chupa. Nikasema, mafuta ya motere ni hivyo pia, mama. Yakipata moto sana hayashiki tena chuma. Na yale tuliyokuwa nayo yalikuwa mepesi toka mwanzo.

Alizitazama chupa zile mbili kwa muda mrefu. Aliuza mawese maisha yake yote, hakuna nilichomfundisha.

"Na mungeendelea?"

"Pengine tungefika. Pengine motere ingekufa juu ya pori, na Komanda, na mimi."

"Basi ningezika watoto wote wawili."

"Ndiyo, mama."

Akachukua kitambaa akafuta mdomo wa chupa, ingawa ulikuwa safi.

"Mutoto wangu amekufa sababu ya mafuta," akasema. Hakulia. Alisema kama mtu anayejaribu kutamka neno la lugha ya wageni. Kisha akaniambia niende kumchukua mtoto, anaamka.

Mafuta ya mia yalifika mvua zilipoanza. Niliyamwaga nje yale ya themanini yaliyobaki ndani ya motere, nikajaza mapya, nikafunga, nikasaini kazi yangu. Nilipomaliza kufuta mikono nikakaa juu ya gurudumu. Komanda alikuja akakaa chini kwenye majani karibu nami. Tulikaa hivyo mpaka abiria walipofika.

Alifanya kazi na sisi muda mfupi baada ya hapo, kisha akarudi kwao. Siku ya kuondoka alikuja nyumbani kumuaga mama. Niliogopa. Mama alimpa kiti, akampikia wali, akakaa mbele yake akimtazama anavyokula. Alipomaliza, mama akamwambia, "Ahsante kumurudisha mutoto wangu wa pili." Komanda aliinamisha kichwa juu ya sahani tupu, na mama akaenda kumshika kichwa kama anavyomshika mjukuu wake.

Ndege ile iliuzwa. Kampuni ilitaka nihamie kwenye mji mwingine, nikakataa, kwa ajili ya mama na mtoto. Sasa nina karakana ya pikipiki na mashine za kusaga, karibu na soko. Mama alikufa mwaka mmoja wa mvua nyingi, kwa uzee, kitandani kwake. Shemeji alioa tena, kama inavyompasa mtu mwenye umri wake. Ni mtu mwema, anakuja kila likizo, na mke wake anamletea mtoto nguo. Mtoto anaishi na sisi. Nilioa baadaye, na mtoto anamwita mke wangu mama.

Juzi alikuwa anaosha sufuria uani, mimi nimekaa kwenye kigoda nimechoka. Akaniuliza bila kugeuka, "Mujomba, mama yangu alikuwa namna gani?"

Nimeshamwambia mambo mengi, mengine zaidi ya mara moja. Nilitafuta ambalo sijamwambia.

"Alikuwa hawezi kumaliza kichekesho," nikasema. "Akianza kukisimulia, anacheka yeye mwenyewe kabla ya kufika mwisho. Vichekesho vyake vyote, sisi hatukuwahi kujua vinaishaje."

Aliacha kusugua.

"Na mimi niko hivyo?"

Nilifikiri kumdanganya.

"Hapana," nikasema. "Wewe hucheki sana."

Akaitikia kwa kichwa, akayamwaga maji machafu kando ya ukuta, akaenda kuchota mengine.